Kutengeneza Sakafu ya Mbao

Katika milima ya Masisi watu wengi hujenga nyumba za mbao. Huko mvua ni nyingi na usiku ni baridi. Wengine huweka sakafu ya mbao, wapate kulala mbali na udongo mbichi. Walikale ni nchi ya chini, yenye msitu mkubwa na joto. Huko vilevile maji ni adui wa mbao.

Chini ya sakafu zimelazwa boriti. Juu ya boriti hupigiliwa mbao za chini, na juu ya hizo mbao nzuri zilizopigwa randa.

Mbao za chini zikioza, mwenye nyumba hutaka kuzifunika upesi. “Fundi, pigilia mbao mpya juu yake, basi!” Lakini seremala mwenye akili hujibu, “Hapana, mama. Ubovu uliofunikwa huzidi kula. Siku moja mguu wa mtoto utatumbukia.”

Kwanza hutafuta maji yanatoka wapi. Labda bati linavuja, au udongo umerundikana na kugusa boriti. Huziba bati na kuondoa udongo, ili hewa ipite chini ya sakafu.

Pili huchoma kila ubao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Huukata mpaka katikati ya boriti iliyo nzima, ili ubao mpya upate pa kulala. Boriti iliyooza nayo hubadilishwa. Ubao mpya uwe mkavu, maana mbao mbichi za mkaratusi hupinda na kupasuka zikikauka. Ubao wenye unene wa sentimeta 2 hupigiliwa misumari ya sentimeta 5 au 6.

Tatu husawazisha. Huvuta uzi toka ukuta hata ukuta. Palipoinuka huzamisha misumari, kisha hupiga randa. Palipobonyea huingiza kipande chembamba cha mti kati ya boriti na ubao. Mwisho hujaza maji katika mpira mwembamba, akiinua ncha zake mbili kwenye kuta mbili. Maji husimama kwa kimo kimoja pande zote. Huweka alama hapo, na kupima toka alama hata sakafu. Vipimo vikilingana, sakafu ni sawa.

Ndipo huweka mbao za juu. Wageni watasifu hizo tu. Kazi ya chini haionekani na watu, lakini Mungu huiona, na ndiyo inayobeba jamaa nzima.

Maswali
1. Kwa nini si vema kufunika mbao zilizooza?
2. Maji katika mpira yamsaidiaje seremala?
3. Taja kazi nyingine njema isiyoonekana na watu.