Darsa langu lilimwachisha kijana dawa



Ndugu msomaji, makala hii ningeweza kuiandika mapema zaidi, lakini haya ilinizuia. Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nilipotoka chuo kikuu nilianza kazi katika shule moja ya sekondari ya bweni, na mbali na vipindi vya darasani nilipewa jukumu la kutoa darsa katika msikiti wa shule baada ya swala ya Isha. Usiku mmoja mada ilikuwa madhambi makubwa. Nilipofika kwenye zinaa nikasema, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba Ukimwi ni adhabu ya Allah (s.w.) kwa wazinifu, na kwamba aliye nao anavuna alichopanda. Vijana wakaitikia takbira. Nikarudi chumbani kwangu nimeridhika.

Katika safu ya mbele alikuwapo mwanafunzi wa kidato cha pili aliyezaliwa na virusi. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na bibi. Bibi hakuueleza uongozi wa shule kwa kuchelea mjukuu wake kukataliwa. Kijana alikuwa na kopo la dawa alilolificha ndani ya soksi chini ya sanduku, na kila usiku alisubiri wenzake walale ndipo ameze.

Baada ya darsa lile alianza kujiuliza. Mimi sijazini, je, ina maana mama yangu ndiye aliyezini? Na kama hii ni adhabu ya Mola, kumeza dawa si ndiyo kuikimbia hukumu Yake? Akaacha dawa, na hakumwambia mtu. Miezi kadhaa baadaye alirudishwa nyumbani akiwa amekonda na anakohoa. Alipopimwa akaonekana ana kifua kikuu.

Haya yote nilikuja kuyasikia kutoka kwake mwenyewe, miaka mingi baadaye, tulipokutana kwenye walima wa ndugu yake. Alinisalimia kwa heshima, tukakaa pembeni, akanieleza. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala shule.

Nilimuuliza ni nani aliyemrudisha kwenye dawa. Nilitarajia aseme daktari, au pengine sheikh fulani. Akasema ni mama mmoja muuza vitumbua.

Mama huyo naye anaishi na virusi. Siku za kliniki alikuwa akimaliza biashara yake ya asubuhi kisha anakwenda kukaa kwenye benchi la kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo wengi tunaiita CTC, kama mshauri wa wagonjwa wenzake. Hakumkemea kijana wala kumuuliza maswali ya polisi. Alifungua mkoba wake akatoa kopo la dawa, la aina ile ile, akaliweka mapajani. Akamsimulia kwamba mumewe alikufa kabla ya mwaka 2004, wakati dawa hizi zilipokuwa hazijaanza kutolewa bure nchini kwetu, na kwamba yeye mwenyewe alianza kuzimeza akiwa habebeki ila kwa mkeka. Kisha wakakubaliana jambo dogo. Kila siku saa tatu usiku mama angetuma ujumbe kwenye simu ya bibi: "Mlango umefungwa?" Kijana akishameza dawa anajibu: "Umefungwa." Mtu mwingine yeyote akiusoma ujumbe ule, ataona ni mlango tu. Walifanya hivyo kwa muda wa mwaka mzima na zaidi.

Daktari na muuguzi wana kazi zao, na Allah awalipe. Lakini daktari mwenye foleni ya watu themanini hana nafasi ya kukufundisha namna ya kumeza kidonge katika bweni lenye vitanda arobaini. Anayeijua fiqhi ya jambo hilo ni yule aliyepita humo. Ndiyo maana mpango wa tiba hapa nchini una watu wanaoitwa WAVIU washauri, yaani wanaoishi na virusi ambao wamefundishwa ili wawafundishe wenzao.

Kijana wangu leo ni mmoja wa waelimishaji hao, akiwa na kundi la vijana wenzake. Kwa idhini ya wote niliruhusiwa kukaa nyuma Jumamosi moja na kusikiliza. Wallahi, nimekaa kwenye mihadhara mingi ya chuo kikuu, lakini ni michache iliyofikia somo lile kwa ufasaha.

Aliwaambia hivi: virusi ni kama wezi walioingia nyumbani. Dawa ni mlinzi. Mlinzi akiwa macho, wezi wanapanda darini na kujificha, hawaibi kitu wala hawazaliani, lakini bado wapo. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa wingi wa virusi katika damu na visionekane, na bado hajapona. Akisema "nimepona, naacha", amemruhusu mlinzi aende kulala, na katika wiki chache tu wezi wanashuka. Anayemeza leo na kuruka kesho ndiye anayejitia hatarini zaidi, kwa sababu wezi wanapata nafasi ya kumsoma mlinzi hadi wanamzoea. Huo ndio usugu, na usugu ukishaingia dawa ya kwanza haifai tena.

Binti mmoja akauliza kama anaweza kuolewa. Alijibiwa kwamba anaweza, na kwamba ni wajibu amweleze mchumba wake ukweli kabla ya nikaha. Mwenye virusi vilivyofubazwa hadi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wenza katika nchi 14 za Ulaya, mmoja ana virusi vilivyofubazwa na mwingine hana, nao hawakuwa wakitumia kondomu kila mara. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Na kuhusu watoto, bila dawa mama anaweza kumwambukiza mtoto kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45, lakini kwa dawa kiwango kinashuka chini ya asilimia 5. (Asitokee mtu akasema ninahalalisha zinaa. Zinaa ni haramu kwa mwenye virusi na kwa asiye navyo. Hapa tunazungumzia ndoa.)

Kisha wakaja kwenye Ramadhani, na hapa ndipo nilipoona aibu, maana ni eneo langu na sikuwa nalijua. Wengi wao sasa wanatumia kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake, mojawapo ikiitwa dolutegravir, ambacho hapa nchini kilianza kutumika kwa wingi mwaka 2019. Kinamezwa mara moja kwa siku. Kwa hiyo aliyezoea kumeza asubuhi anaweza, baada ya kuzungumza na kliniki yake, kuhamishia daku au baada ya futari, na saumu yake ikabaki salama. Lakini tazama mtego uliopo. Baada ya kufuturu mihogo ya nazi, sambusa na bajia, wengi wetu tunatafuna vidonge vya kiungulia. Vidonge hivyo, vile vyenye magnesiamu au aluminiamu, vinaizuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Inatakiwa dawa imezwe saa mbili kabla ya kidonge cha kiungulia au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo vina masharti yake, na mjamzito amuulize muuguzi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin amweleze daktari pia, kwa kuwa kipimo chake huenda kikahitaji kupunguzwa. Na mwenye kifua kikuu anayetumia rifampicin huongezewa dolutegravir ikawa mara mbili kwa siku. Huyo kwanza ni mgonjwa, na Qur'an imempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Asione haya kuichukua ruhusa ya Mola wake.

Ni imamu gani anayeyaeleza haya kwenye darsa zake za Shaaban? Mimi sikuwahi.

Kombe nalo liliulizwa, pamoja na habbat sauda na hijama. Kijana alisema kwa adabu: aya za Allah ni shifaa na anayetaka kisomo asomewe, lakini hakuna kisomo kinachokutaka utupe dawa, na ukitumia mitishamba yoyote mweleze muuguzi. Hapa tuseme ukweli. Tunakumbuka mwaka 2011 watu wa dini zote walivyofurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wako walioacha dawa za virusi kwa imani kwamba wamepona. Waislamu tuliwacheka wengine, na huku mitaani kwetu wapo wanaojiita matabibu wa Kisunna wanaomwambia mgonjwa kwamba ARV ni sumu ya makafiri, kisha wanamuuzia chupa ya mafuta. Tofauti iko wapi?

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha watafute tiba, akawafundisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Na kuhusu lile nililolisema la adhabu, laiti ningekumbuka tauni ya Amwas ya mwaka wa 18 Hijria. Walikufa ndani yake Abu Ubayda bin al-Jarrah na Muadh bin Jabal, Allah awe radhi nao. Nani kati yetu angethubutu kusema waliadhibiwa? Mtume (s.a.w.) alikwishabainisha kwamba tauni ni rehema kwa waumini, na anayekufa kwayo ana daraja la shahidi. Na Sayyidna Umar alipogeuza msafara usiingie katika ardhi ya tauni, akaulizwa kama anaikimbia qadar, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Hilo lilikuwa jibu la swali alilojiuliza mwanafunzi wangu kitandani, na mimi mwalimu wake nilikuwa nalo kichwani, limelala.

Wenzetu wametutangulia. Uganda, shirika la TASO lilianzishwa mwaka 1987 na watu ambao wengi wao walikuwa na virusi wenyewe au wamefiwa kwa ajili yake. Huko huko chama cha madaktari wa Kiislamu, IMAU, kilianza mwaka 1992 kuwafundisha maimamu waende nyumba kwa nyumba. Afrika Kusini, mjini Cape Town, mwanamke wa Kiislamu Faghmeda Miller alijitangaza katika miaka ya 1990, wakati ambapo Waislamu wengi wa pale walidhani maradhi haya ni ya watu wengine, na mwaka 2000 akashiriki kuanzisha kundi la Positive Muslims, Waislamu wenye virusi wakisaidiana na kuwasomesha wenzao. Baadhi ya misimamo ya wasomi wao sikubaliani nayo. Lakini walifungua mlango ambao sisi tumeufunga.

Sisi tunasubiri nini? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wana virusi, watu zaidi ya milioni moja na nusu. Walio kwenye dawa hali zao zilikuwa nzuri mno, tisini na nne katika kila mia virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Sehemu ya kazi hiyo imefanywa na watu kama yule mama wa vitumbua. Na nauli zao zilikuwa zikilipwa na nani? Kwa kiasi kikubwa na miradi ya fedha za Marekani. Serikali ya nchi hiyo ilipositisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, waelimishaji wengi walibaki bila hata nauli ya daladala. Kijana wangu alipoteza posho yake, na vijana kadhaa wa kundi lake wakaacha kuja kwa sababu wanatoka mbali.

Niliipeleka habari hii kwenye kamati ya msikiti wetu. Niliomba chumba kimoja cha madrasa Jumamosi baada ya Alasiri, na nauli kutoka kwenye sanduku la sadaka. Wapo kati yao masikini na mafukara wanaostahiki zaka bila mjadala. Mzee mmoja akauliza, watu watasemaje wakisikia msikiti wetu una wagonjwa wa Ukimwi? Mhazini, ambaye huwa hasemi sana, akauliza kwani leo hawapo. Chumba tumepewa kwa miezi mitatu. Mlangoni pameandikwa "Masomo ya ziada", kwa sababu siri ya mgonjwa ni amana, na sheria ya nchi ya mwaka 2008 nayo inailinda. Nauli bado inajadiliwa.

Siku ile kwenye walima, kabla hatujaagana, kijana aliniuliza kama niliwahi kurudi kwa wale waliosikia darsa langu nikawaambia vinginevyo. Nikanyamaza. Walikuwa wanafunzi wapatao mia mbili, wamekwishatawanyika kila mkoa, na pengine wako wanaolirudia neno lile kwenye misikiti yao na kwa watoto wao.

Kama wewe ulikuwapo usiku ule ukaitikia takbira, na unaisoma makala hii, mimi ndiye mwalimu wako. Nilisema jambo nisilokuwa na elimu nalo. Lifute.

Wabillahi tawfiq.