Tununue Msumeno Upi?



Ukipita leo katika vijiji vya Ngara na Biharamulo utaona nyumba nyingi za bati. Kila nyumba ya bati ina mbao. Kuna kenchi, kuna papi, kuna milango na madirisha. Shuleni kuna madawati. Kazi hii yote ni ya mafundi seremala, na wengi wao ni wanakisomo wenzetu.

Kupasua mbao kwa msumeno wa mkono ni kazi ngumu. Chukua mbao ya mbili kwa nne yenye urefu wa futi 12. Ipasue katikati upate mbili kwa mbili mbili. Utatoka jasho, na huenda mstari ukapinda. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Kazi hiyo imefanywa na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza mwaka 2007. Kwa hiyo mafundi wanaulizana: tununue msumeno wa umeme upi?

Swali hili liliulizwa darasani kwetu. Aliyeuliza ni fundi mmoja anayeandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Nitaeleza baadaye vidole viwili vilikwenda wapi, kwa sababu jambo hilo linahusu swali lake.

AINA MBILI ZA MSUMENO

Msumeno tunaouzungumzia unaitwa msumeno wa meza. Una meza ya chuma. Katikati ya meza kuna diski yenye meno. Diski huzungushwa na mota iliyo chini ya meza. Fundi husukuma ubao juu ya meza, nao hupasuka.

Kwetu zipo aina mbili. Aina ya kwanza hutengenezwa hapa nchini na mafundi wa kuchomelea vyuma. Wao huunga meza ya chuma, huweka mota nzito, na huzungusha diski kwa mkanda. Mota ya namna hii mara nyingi huwa na nguvu ya farasi 3, yaani kama wati 2,200. Msumeno huu ni mzito. Haubebwi kila siku. Lakini ni mvumilivu. Mkanda ukikatika, utapata mwingine. Beringi ikiisha, utapata nyingine mjini.

Aina ya pili hutoka kiwandani, na nyingi huja kutoka nchi za nje. Ni ndogo. Uzito wake huwa kama kilo 20 hadi 35. Watu wawili huibeba bila shida hadi mahali nyumba inapojengwa. Mota yake ni ndogo, lakini huzunguka kwa kasi sana na hupiga kelele. Ndani yake kuna vipande viwili vidogo vinavyoitwa kaboni. Kaboni hupeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Kaboni huisha kama sabuni inavyoisha. Ni lazima zibadilishwe.

Ipi ni bora? Mimi naona hivi. Fundi mwenye karakana kando ya barabara pale Nyakanazi, ambaye watu humletea mbao kutwa nzima, anunue ile nzito. Kikundi kinachoezeka nyumba leo Kabanga na kesho Rulenge kinafaa kununua ile ya kubeba. Lakini isitumike kupasua magogo. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mbao mbichi ya mkaratusi hujibana kwenye diski, na mota huungua. Peleka kwenye mashine hii mbao zilizokwisha pasuliwa na kukauka.

SOMA KIBATI

Kila mashine ya kiwandani ina bati dogo au karatasi ngumu iliyobandikwa ubavuni. Tukiite kibati. Juu ya kibati kuna herufi na namba. Watu wengi hawakisomi. Hutazama rangi ya mashine, husikiliza maneno ya mwuzaji, hulipa, huondoka.

Soma mfano huu:

230 V   50 Hz   1500 W

Herufi V ni volti. Umeme wa nyumbani hapa Tanzania ni volti 230. Hz ni hezi. Hapa kwetu ni 50. W ni wati, yaani nguvu ambayo mashine inakula.

Sasa sikiliza habari ya fundi mwingine, jirani wa mwanakisomo wetu. Yeye alinunua msumeno uliokwisha tumika. Ulikuwa mzuri, mzito, wa jina kubwa. Bei ilikuwa nafuu. Kibati kilisema 120 V. Hizo ni volti za Marekani. Japani hutumia 100. Aliuchomeka kwenye umeme wetu wa volti 230. Ulilia kwa nguvu, ukatoa moshi, ukanyamaza. Fedha ya kahawa ya msimu mzima iliishia hapo. Kipo kifaa cha kushusha volti, lakini kwa mashine ya wati 1,500 kifaa hicho ni kizito na ni cha gharama. Ukiona 100, 110 au 120 kwenye kibati, rudisha mashine kwa mwenye duka.

KINA CHA MKATO

Baada ya wati, uliza diski ina upana gani na inakata kina gani. Kina ni urefu wa ubao uliosimama ambao diski inaweza kuupita mara moja. Vitabu vya mashine huandika kina kwa milimita. Sisi tunanunua mbao kwa inchi. Inchi 1 ni milimita 25 na kidogo.

Tuchukue mashine tatu zinazojulikana duniani. Namba zake ni hizi. Za nchi moja na nyingine huweza kupishana kidogo. Makita ya Japani yenye jina MLT100 ina wati 1,500 na diski ya milimita 260. Hukata kina cha milimita 93. Bosch ya Ujerumani, GTS 10 J, ina wati 1,800 na diski ya milimita 254. Hukata milimita 79. DeWalt ya Marekani, DWE7485, ile ya volti 230, ina wati 1,850 lakini diski yake ni ndogo, milimita 210. Hukata milimita 65.

Umeona jambo? Mashine yenye wati nyingi kuliko zote hapa ndiyo inayokata kina kidogo kuliko zote. Mwuzaji akikuambia "hii ina nguvu zaidi", amesema kweli, lakini hajakuambia yote. Ubao wa inchi 3 una milimita 76 hivi. Makita na Bosch zitaupita mara moja. DeWalt ile haitaupita. Itabidi uugeuze na kuupitisha tena. Kwa upande mwingine, DeWalt ile ina kilo 22 hivi, nayo Makita ni nzito zaidi ya kilo 30. Kama unapanda nayo vilima vya Ngara, kilo hizo utazihesabu.

Mbao ya inchi 4 haipitwi mara moja na yoyote kati ya hizi tatu.

Tazama pia tundu la katikati ya diski. Yapo matundu ya milimita 30, yapo ya 25.4, na yale ya Kimarekani ya 15.88. Andika namba ya tundu lako kwenye daftari. Ukienda mjini kununua diski bila namba hiyo, unaweza kurudi na diski isiyoingia. Kwa kupasua mbao kwa urefu tumia diski yenye meno machache, kama 24. Kwa kukata kwa kukingama tumia yenye meno mengi, kama 40 au 60.

VIDOLE VIWILI

Sasa turudi kwa mwanakisomo wetu. Siku hiyo alikuwa akipasua mbao za dawati. Umeme ulikatika. Yeye hakuzima swichi, wala hakuchomoa waya. Aliona vipande vidogo vya mbao vimenasa karibu na diski. Akaingiza mkono kuvitoa. Umeme ukarudi.

Diski ya milimita 254 ikizunguka mara 3,650 kwa dakika, meno yake husafiri kama mita 48 kwa sekunde. Basi liendalo Kahama halifiki hata nusu ya mwendo huo. Mtu hawezi kuuondoa mkono wake kwa wakati.

Mashine yake haikuwa na swichi ya kujizima. Swichi hii ipo katika mashine nyingi nzuri. Umeme ukikatika, swichi inajifungia yenyewe. Umeme ukirudi, mashine inabaki kimya mpaka wewe ubonyeze tena. Kwetu sisi, ambao umeme hukatika bila taarifa, jambo hili mimi naliweka mbele ya wati na mbele ya jina la kiwanda.

Unaweza kuijaribu dukani. Washa mashine ikiwa haina ubao. Mwambie mwenye duka azime umeme kwenye soketi ya ukutani. Diski ikisimama, awashe tena kwenye soketi. Mashine ikianza kuzunguka yenyewe, haina swichi hiyo. Ikibaki kimya, inayo. Jaribio hili halina gharama. Simama mbali na diski unapolifanya.

Tazama vitu vingine viwili. Nyuma ya diski kuwe na kipande cha chuma chembamba kilichosimama. Kazi yake ni kuzuia ubao usijibane na kurushwa tumboni mwako. Na juu ya diski kuwe na kifuniko. Mafundi wengi huvitoa siku ya kwanza, wakisema vinachelewesha kazi. Fundi wa kuchomelea akikutengenezea meza, mwambie avitengeneze vyote viwili, na mota ifungwe swichi ya kujizima. Usikubali akuambie ataviweka baadaye. Kipande chembamba cha ubao kisukume kwa kijiti, wala si kwa kidole.

HESABU YA BEI

Tuseme dukani kuna mashine mbili. Moja ni shilingi 700,000. Nyingine ni shilingi 1,500,000. Namba hizi ni za mfano tu.

Mashine ya kwanza haina vipuri. Kaboni zake hazipatikani Biharamulo, wala Kahama, wala Mwanza. Inafanya kazi miezi 7, inakufa. Gawanya 700,000 kwa 7. Kila mwezi imekula shilingi 100,000.

Mashine ya pili inafanya kazi miaka 3, yaani miezi 36. Katika muda huo umenunua kaboni na diski za shilingi 300,000. Jumla ni 1,800,000. Gawanya kwa 36. Kila mwezi imekula shilingi 50,000.

Sisemi kwamba kila mashine ya bei ndogo ni mbovu. Zipo zinazodumu, hasa kwa fundi anayezitunza. Wala kila yenye jina kubwa si ya kweli. Wapo wanaobandika majina ya watu kwenye mashine zisizo zao. Kabla hujalipa, mwambie mwenye duka akuoneshe kaboni za akiba za mashine hiyo hiyo. Nunua jozi mbili papo hapo. Kama hana, na hajui zinauzwa wapi, umepata jibu lako. Dai risiti halali na karatasi ya dhamana, uzisome zote mbili kabla ya kutoka mlangoni.

Kumbuka gharama ya umeme. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 2 hula uniti 3. Tazama bei ya uniti yako ya LUKU, uzidishe. Waya wa kuvutia umeme uwe mnene. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti, na mota hupata moto.

Na kama unapata kazi siku mbili tu kwa mwezi? Usinunue yoyote. Peleka mbao zako kwa mwenye mashine, umlipe. Fedha yako nunua randa nzuri na patasi. Au unganeni. Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. SIDO pia, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi Bukoba.

MASWALI

1. Kibati kinasema 120 V. Utafanya nini? Kwa nini?

2. Mbao yako ina unene wa inchi 3. Mashine inakata kina cha milimita 65. Je, itaipita mara moja?

3. Mafundi 6 wanachangia mashine ya shilingi 1,500,000 na diski mbili za shilingi 60,000 kila moja. Kila mmoja atatoa shilingi ngapi?

4. Umeme umekatika wakati unapasua mbao. Utafanya jambo gani kwanza, kabla ya kugusa meza?

5. Nenda kwa fundi aliye karibu nawe. Mwombe uone kibati cha mashine yake yoyote ya umeme. Andika herufi na namba zote katika daftari lako, uzilete darasani.