Sarufi ya Maelekezo: Kabati la Milango ya Kutelezesha kama Kielelezo

Utangulizi

Maelekezo ni miongoni mwa tungo za kiuamilifu zinazofundishwa katika shule na vyuo vya Kenya, lakini aghalabu hupewa nafasi finyu. Mwanafunzi hufunzwa kwamba maelekezo huandikwa kwa hatua, kwa lugha nyepesi na kwa vitenzi vya kuamuru, kisha somo huishia hapo. Hotuba huchambuliwa, barua rasmi huchambuliwa, hata tangazo la biashara huchambuliwa. Maelekezo huachwa kana kwamba hayana sarufi inayostahili kuchunguzwa. Mtazamo huu unasahau kwamba maelekezo ni utungo ambao kosa lake dogo la kisarufi huweza kumharibia mtu mali au kumuumiza.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kutumia kielelezo kimoja cha nyumbani, yaani uunganishaji wa kabati la nguo lenye milango ya kutelezesha, linalouzwa likiwa vipande ndani ya katoni. Hoja kuu ni kwamba picha huweza kuonyesha tendo, lakini mfuatano wa matendo, masharti yake na sababu zake huhitaji lugha. Na kwamba Kiswahili kina viambishi vinavyoyabeba mambo hayo kwa usahihi mkubwa.

Kabati lisilo na maneno

Samani za kujiunganishia zilipata umaarufu mkubwa ulimwenguni kupitia kampuni ya IKEA, iliyoasisiwa na Ingvar Kamprad nchini Uswidi mwaka 1943. Mnamo mwaka 1956 kampuni hiyo ilianza kufungasha samani zikiwa vipande bapa, ili zichukue nafasi ndogo wakati wa kusafirishwa na mnunuzi aziunganishe mwenyewe nyumbani. Vijitabu vyake vya maelekezo hutegemea michoro, karibu bila maneno yoyote, ili kijitabu kimoja kitumike katika nchi zenye lugha mbalimbali.

Nchini Kenya, watu wengi bado hununua makabati kwa mafundi, kama wale wa Gikomba au wa kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Kabati la namna hiyo hufika nyumbani likiwa kamili, au fundi huandamana nalo akalimalizia chumbani. Hakuna kijitabu kwa sababu ujuzi umo mikononi mwa fundi. Kabati la katoni, kwa upande wake, huhamisha kazi ya fundi hadi kwa mnunuzi bila kumhamishia ujuzi wa fundi huyo. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa na maelekezo.

Msamiati uliopo na unaoazimwa

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina msamiati wa vitu vya kisasa. Dai hili halina budi kupimwa kwa kuvitaja vitu vyenyewe. Fundi ana bisibisi, nyundo, patasi, keekee ya kutobolea na pimamaji ya kuhakikisha kwamba kitu kimekaa sawa. Skrubu na reli ni maneno ya mkopo yaliyokwisha kuzoeleka.

Milango, hasa, ina msamiati wa kale. Milango ya nakshi ya Lamu na Unguja imeipa lugha maneno kama mwimo, yaani ubao wa wima ulio ubavuni mwa mlango. Kizingiti, ubao unaokatiza juu au chini. Na mfaa, ubao wa katikati unaofunika mwanya kati ya mbawa mbili. Mwandishi wa maelekezo anaweza kuyatumia maneno haya kwa busara. Mbao za pembeni ambazo milango ya kabati huishia kwazo zinaweza kuitwa miimo, na mbao zinazobeba reli zikaitwa vizingiti vya juu na chini. Mfaa hauna kazi hapa, kwa kuwa milango ya kutelezesha hupishana badala ya kukutana. Kwa hiyo, kuazima neno la kale ni lazima kuendane na kuelewa kazi ya kitu kinachotajwa.

Pale ambapo neno halipo, maelezo mafupi hutosha. Makabati mengi ya katoni hufungwa kwa kipande cha chuma cha mviringo kinachozungushwa kwa bisibisi ili kinase kichwa cha skrubu iliyo katika ubao wa pili. Kipande hicho kikielezwa mara moja na kuitwa kikazio, msomaji atakitambua hadi mwisho. Hata jina la samani zenyewe linaweza kuundwa kwa mnyambuliko: unga, unganisha, unganishia, jiunganishia. Neno hilo moja linasema kwamba vipande huletwa pamoja, kwa manufaa ya mtu, na kwamba mtu huyo ndiye mtendaji.

Upatanisho wa kisarufi na utambuzi wa vipande

Kabati moja huweza kuwa na mbao kumi na kadhaa na makumi ya vijiti, skrubu na vikazio. Katika hali hiyo, swali la kwanza la msomaji ni: kipi kifanywe nini? Mchoro hujibu kwa mishale. Kiswahili hujibu kwa kiambishi cha mtendwa. Tazama sentensi zifuatazo:

Tia kijiti katika tundu la ubao, kisha ukigonge polepole.
Tia kijiti katika tundu la ubao, kisha uugonge polepole.

Katika sentensi ya kwanza kinachogongwa ni kijiti. Katika ya pili ni ubao. Tofauti ni kiambishi kimoja, na matokeo yake si madogo. Mbao za makabati haya aghalabu hutengenezwa kwa chembe za mbao zilizoshindiliwa na gundi, na kingo zake humeguka upesi zikipigwa nyundo.

Hata hivyo, nguvu hii ya upatanisho ina mpaka. Sentensi "Ingiza skrubu katika reli, kisha uikaze" inatatiza, kwa kuwa skrubu na reli zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Mwandishi makini atairudia nomino: "kisha uikaze skrubu hiyo". Kanuni inayopatikana hapa ni kwamba nomino mbili zikiwa katika ngeli tofauti, kiambishi chatosha. Zikiwa katika ngeli moja, nomino itajwe tena.

Wingi nao una kazi. Kiunzi cha kabati refu hakifai kuinuliwa na mtu mmoja. Michoro mingi huonyesha hilo kwa sanamu ya mtu mmoja iliyopigwa mkato, na kando yake sanamu za watu wawili. Kiswahili husema "Liinueni", na kwa silabi moja ya mwisho msomaji hujua kwamba anahitaji mwenzake.

Mfuatano wa kazi na viambishi vya wakati

Kuunganisha kabati ni kazi ya zamu: kila hatua huifungulia njia hatua inayofuata au huifunga. Kwa sababu hiyo, viambishi vya wakati ndivyo uti wa mgongo wa maelekezo. Kielelezo cha kwanza ni cha kupima chumba. Makabati mengi huunganishwa yakiwa yamelazwa sakafuni, kisha huinuliwa. Kabati lenye kimo cha sentimita 236 na kina cha sentimita 58 lina mshazari wa takriban sentimita 243 ubavuni. Katika chumba ambacho dari yake iko sentimita 240 kutoka sakafuni, kabati hilo lingeweza kusimama bila shida, lakini haliwezi kuinuliwa, kwa maana pembe yake itagonga dari njiani. Maelekezo yanayofaa ni haya: "Kabla hujaanza kuunganisha kiunzi sakafuni, pima kimo cha dari." Muundo wa kabla pamoja na kiambishi -ja- katika ukanushi humweka msomaji upande wa huku wa tendo, wakati ambapo bado ana uwezo wa kuchagua.

Kielelezo cha pili kinahusu mgongo wa kabati, yaani ubao mwembamba unaopigiliwa nyuma. Ubao huo ndio unaoshikilia pembe za kiunzi zibaki mraba. Kiunzi kikipinda kidogo tu, milango ya bawaba huweza kurekebishwa, lakini milango ya kutelezesha huacha mwanya wa pembetatu kando ya mwimo na kukwama katika reli. Njia ya kuhakikisha ni kupima mishazari miwili ya kiunzi: ikilingana, pembe ni mraba. Kwa kiunzi cha sentimita 236 kwa 150, kila mshazari unapaswa kuwa karibu sentimita 280. Sasa zilinganishwe sentensi hizi:

Ukipigilia mgongo, pima mishazari.
Ukishapigilia mgongo, pima mishazari.
Kabla hujapigilia mgongo, pima mishazari.

Ya kwanza ina utata, kwa kuwa -ki- huweza kueleza sharti au matendo yanayokwenda pamoja. Ya pili haina utata ila inapotosha, kwani mwenye kabati atagundua kasoro baada ya misumari yote kuingia. Ya tatu ndiyo sahihi. Sentensi zote tatu zina maneno mepesi na kitenzi cha kuamuru, kama vitabu vya shule vinavyotaka. Hata hivyo, ni moja tu inayoliokoa kabati.

Kielelezo cha tatu ni upachikaji wa milango. Katika makabati ambayo milango yake huzunguka juu ya reli ya chini, mlango wa ndani hutangulia, kwa sababu ule wa nje ukitangulia utaiziba njia ya mwenzake. Maelekezo yanaweza kuandikwa hivi: "Uinueni mlango wa ndani, muuingize katika reli ya juu, kisha muushushe hadi magurudumu yakae katika reli ya chini." Amri imeanza kwa kitenzi kimoja, na vitenzi vinavyofuata vimechukua dhamira tegemezi. Huu ndio mtiririko wa Kiswahili wa kawaida: tendo la kwanza huamriwa, mengine hulifuata kwa mnyororo. Orodha ya amri zilizotenganishwa, "Inueni. Ingizeni. Shusheni.", huukata mnyororo huo na kumfanya msomaji adhani anaweza kupumzika kati ya tendo na tendo, ilhali mlango mzito umo mikononi mwake.

Sharti, hofu na usalama

Kabati refu lisilofungwa ukutani huweza kuanguka, na hatari huzidi mtoto anapolipanda au sakafu isipokuwa sawa. Katika kabati la kutelezesha, uzito wa milango yote hukaa upande wa mbele. Kwa hiyo, kabati husawazishwa kwa pimamaji na kufungwa ukutani kabla ya milango kupachikwa na kabla ya nguo kuingizwa. Hili si jambo la kubuni. Mnamo Juni 2016, IKEA ilitangaza nchini Marekani urejeshaji wa takriban makabati ya droo milioni 29, baada ya vifo vya watoto walioangukiwa na makabati ya aina hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2022, Marekani ilipitisha sheria ya kudai uthabiti wa samani za kuhifadhia nguo.

Mchoro huweza kuonyesha skrubu ikiingia ukutani. Hauwezi kwa wepesi kueleza kitakachotokea skrubu hiyo ikiachwa. Hapa Kiswahili kina nyenzo mbili. Ya kwanza ni kiambishi -sipo-, ambacho kila mzungumzaji amekizoea katika methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Muundo huo huo hutoa onyo: "Usipolifunga kabati ukutani, litaweza kuanguka." Ya pili ni muundo wa -sije- ukifuatwa na -ka-: "Lifunge kabati ukutani lisije likamwangukia mtoto." Sentensi hii imebeba amri, sababu na hofu kwa pamoja. Mama akimwonya mwanawe kuhusu jiko la moto hutumia muundo uo huo. Mwandishi wa maelekezo anayeuacha, akaandika tu "Funga ukutani", ameacha nje neno ambalo lingemfanya msomaji atii.

Maelekezo na haki ya mnunuzi

Suala hili lina upande wa kisheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa, pamoja na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Ibara ya 7 ya Katiba hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja, ni muhali kuona jinsi onyo la usalama lisiloeleweka na mnunuzi linavyoweza kuhesabiwa kuwa habari aliyopewa. Hata hivyo, haki hiyo haitatimizwa kwa kutafsiri neno kwa neno vijitabu vya kigeni. Itatimizwa na waandishi wanaojua tofauti kati ya "ukipigilia" na "ukishapigilia".

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maelekezo ni uwanja ambamo upatanisho wa ngeli, viambishi vya wakati, masharti na ukanushi hufanya kazi inayoonekana kwa macho. Mlango ukiteleza bila kukwama, sarufi imefaulu. Ukikwama, huenda kosa lilianzia katika kitenzi. Inapendekezwa kwamba somo la maelekezo katika vyuo lifundishwe kwa kazi halisi. Wanafunzi wafike katika karakana, wayasikilize maneno ya mafundi na kuyarekodi, kisha waandike maelekezo ya kuunganisha kitu kimoja. Baadaye mtu ambaye hakuwapo apewe maandishi hayo pamoja na vipande, aachwe aunganishe bila kusaidiwa. Kila atakaposita, sentensi iliyomkwamisha iwekewe alama na kuchambuliwa darasani.