Raba Zangu Ziko Juu ya Kabati

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, naishi Mbagala, mama wa watoto wawili. Mwaka jana nilianza kuvia damu mwilini bila kugongwa popote, na fizi zikawa zinatoka damu kila nikipiga mswaki. Hospitali wakaniambia chembe sahani zimeshuka hadi elfu 9, na kwamba ni kinga ya mwili wangu yenyewe inayoziharibu. Nikaanzishiwa prednisoloni, sasa nimefika elfu 38. Shangazi, mimi nilikuwa mchezaji wa netiboli, na kila Jumamosi alfajiri nilikimbia na klabu yetu ya jogingi. Baba watoto amezificha raba zangu juu ya kabati. Hataki hata niende sokoni kwa miguu. Nimenenepa, usingizi sipati, najiona bibi kizee. Mama naye ananiletea juisi ya rozela kila siku, anasema damu ikijaa nitarudi uwanjani. Nimsikilize nani?

Aliyefungiwa, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Mumeo alikuona ukitokwa na damu mdomoni asubuhi, tena akaisikia ile namba ya 9. Usimlaumu kwa kuogopa. Ila hofu yake imebaki palepale kwenye 9, na wewe umeshafika 38. Hapo ndipo mnapogombana.

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya elfu 150 na elfu 450 katika kila maikrolita ya damu. Kazi yake ni kuziba tundu mshipa unapopasuka. Chini ya elfu 10, damu inaweza kuvuja yenyewe hata ukiwa umelala, na wakati ule kutulia kulikuwa sahihi. Kuanzia elfu 20 au 30 hivi, madaktari wengi huruhusu kutembea, kunyoosha viungo, na baiskeli ile ya kusimama mahali pamoja. Namba ikivuka elfu 50 uwanja unapanuka. Lakini namba haisemi yote. Watu wawili wenye elfu 38 hawavuji damu sawa, kwa hiyo daktari anayekutibu ndiye wa kukupa ruhusa, na akupe kwa kipimo cha karibuni, si cha miezi mitatu iliyopita. Kwenye karatasi ya maabara tafuta herufi PLT. Ukiona 38, ndiyo elfu 38 yako.

Netiboli kwa sasa, hapana. Najua inauma. Sheria zinakataza kugusana, lakini wewe umecheza, unajua viwiko vya chini ya goli na jinsi mtu anavyoangukia sakafu ya saruji. Ninachokiogopa ni kichwa. Goti likivimba tutaliona. Damu ikivuja ndani ya fuvu hatuioni. Nenda uwanjani ushike filimbi, ufundishe wadogo, lakini usiingie katikati.

Kutembea, tena kila siku, ndiyo dawa ninayokuombea kwa daktari wako. Hiyo prednisoloni imekusaidia kupandisha chembe, lakini inaongeza hamu ya kula, inafukuza usingizi, inalegeza misuli ya mapaja na kudhoofisha mifupa. Kwa hiyo kunenepa huko si uvivu wako, na kukaa kitandani kunazidisha hayo yote. Wala usiiache ghafla kwa sababu ya unene. Hiyo ni hatari nyingine kabisa. Anza na dakika 10 asubuhi kabla jua halijakaza, njia tambarare, pasipo pikipiki nyingi. Ukizoea, ongeza. Kubeba ndoo ya lita 20 waachie wengine, maana kule kujikaza kunapandisha shinikizo la damu kichwani, na ukiteleza nayo ni balaa.

Mwambie mama rozela ni nzuri, anywe na yeye. Lakini haizuii kinga ya mwili kushambulia chembe. Mwaka 1950, huko St. Louis, Marekani, daktari William Harrington alijitia damu ya mgonjwa mwenye maradhi kama yako. Ndani ya saa chache chembe zake mwenyewe zikaporomoka, akaugua vibaya, kisha akapona baada ya siku kadhaa. Ndivyo ilivyojulikana kwamba kuna kitu ndani ya damu ya mgonjwa kinachoangamiza chembe. Hukuugua kwa kula vibaya, mwanangu.

Kama baba watoto anataka kukataza kitu, nimpe vya kukataza. Akatae sindano ya diklofenaki ya duka la dawa misuli ikiuma. Akatae na aspirini na ibuprofeni. Omba parasetamoli. Akatae chuku na chale, hata aletewe mtaalamu kutoka wapi. Akatae kukandwa kwa nguvu. Akatae bodaboda bila kofia ngumu. Na nazi akune yeye. Ile mbuzi haina huruma na vidole.

Siku ukiona vidoti vyekundu vipya miguuni, au damu ya pua isiyokoma, mazoezi yasimame, ukapime. Kichwa kikiuma kwa namna usiyoizoea, ukijigonga kichwa, au choo kikiwa cheusi kama lami, usisubiri kuche. Nendeni hospitali usiku huohuo. Ukipata homa, pima malaria mapema, na kipindi cha dengi pima dengi pia. Zote mbili hushusha chembe hata kwa mtu mzima wa afya.

Kliniki ijayo nendeni wawili. Amuulize daktari mwenyewe: kwa namba ya leo, mke wangu atembee kiasi gani? Jibu akilisikia kwa masikio yake litamtuliza kuliko barua yangu.

Na wewe baba, najua atakusomea hapa. Ndala huteleza, hasa njia ikiwa na mchanga au tope. Raba zinashika ardhi. Mteremshie.

Shangazi