Mpeleke Mtoto kwa Babu Yake

Mdogo wangu, mpelekeni mtoto Olbalbal. Naanza na jibu kwa sababu barua yako imejaa machozi. Baba mkwe anamsubiri mjukuu kwenye boma, na mchungaji wenu huko Karatu anasema kumnyoa mtoto na kumpa jina mbele ya wazee ni kurudi gizani.

Hebu tazama kinachofanyika siku ile. Mama na mtoto wananyolewa, mnyama anachinjwa, jina linatajwa. Mzee anatamka baraka na wote wanaitikia "Naai", wakimwomba Engai, Mungu yuleyule anayeombwa kanisani kwenu ibada ikiendeshwa Kimaasai. Giza liko wapi hapo? Kama hofu yenu ni kupelekwa kwa laiboni kutazamiwa, mumeo aseme mapema na kwa adabu kwamba hilo hamtalifanya. Jambo moja lisiwafanye mkatae shughuli nzima.

Mwombe mchungaji mfungue pamoja Matendo ya Mitume, sura ya 15. Walikuwepo waliotaka watu wa mataifa watahiriwe kwanza kama Wayahudi ndipo wahesabiwe waumini. Mitume walikutana Yerusalemu, wakabishana sana, wakakataa kuwatwika mzigo huo. Sasa kwa nini Mmaasai atakiwe kuacha Umaasai wake mlangoni mwa kanisa? Hata miaka ya 1960 padri Vincent Donovan, Mmarekani aliyekuwa Loliondo, alitoka misheni akawafuata wazee kwenye maboma yao kuzungumza nao habari za Mungu.

Halafu kuna jambo umelipitia haraka mno. Umesema wifi yako mkubwa na wanawe wamehamia Msomera, kule Handeni, ambako familia za Ngorongoro zilianza kupelekwa Juni 2022. Umesema pia kwamba wazazi wa baba mkwe ni miongoni mwa waliotolewa Serengeti mwaka 1959, wakaambiwa Ngorongoro watakaa na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Mzee huyu ameona ukoo wake ukitawanyika, na wajukuu wengine sasa anawasikia kwenye simu tu. Anataka huyu mmoja amshike, amtemee mate ya baraka kichwani, ajue damu yake inaendelea. Ukimnyima hilo kwa jina la Yesu, dada yangu, utakuwa umemfundisha mzee kwamba Yesu ni mtu wa kutenganisha watu na watoto wao.

Lakini mistari yako ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi. Mama mkwe amedokeza kwamba wifi yako mdogo, wa darasa la sita, "atakuwa tayari" likizo ya Desemba. Hapo usilegee hata kidogo. Ukeketaji unaua kwa kuvujisha damu na unaumiza wanawake wakati wa kujifungua, na tangu 1998 sheria yetu inaweza kumfunga kuanzia miaka 5 mtu anayemsababishia hayo binti wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake. Mtoto huyo ni Mmaasai tangu alipozaliwa, wembe wa ngariba hauna cha kumwongezea.

Ndiyo maana nasisitiza mwende. Mkwe aliyesusia shughuli ya jina atasikilizwa na nani akija kusema habari za binti? Siku hiyo kaa na mama mkwe pembeni, mweleze bila kumwaibisha mbele ya wageni. Mwombe binti aje Karatu likizo nzima akusaidie kulea. Ni ombi ambalo familia zetu hulielewa. Mumeo naye azungumze na baba yake na mmoja wa wazee wa rika lake, maana neno la mwisho liko kwao. Wakikataa, au ukisikia ngariba ameitwa, usingoje Desemba ifike: nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na mwalimu wake mkuu umweleze siku hiyohiyo.