SOMO LA UTUNZAJI WA MALI YA CHAMA: SENSA ZA UPEPO NA RIMU MPYA ZA GARI

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Hubeba pembejeo, hubeba viongozi na watumishi, na wakati wa mauzo hubeba hata fedha za wakulima. Kwa hiyo kifaa chochote kinachoondolewa katika gari hilo kwa kutojua ni hasara ya kila mwenye hisa. Somo hili lahusu kifaa kidogo ambacho wengi hawajakiona, kwa kuwa hukaa ndani ya tairi: sensa ya upepo.

Chimbuko lake

Mwaka 2000, baada ya ajali nyingi zilizotokana na matairi kuharibika yakiwa mwendoni, Marekani ilipitisha sheria ya kutaka magari yawe na chombo cha kumwonya dereva tairi linapopungukiwa upepo. Tangu Septemba 2007 magari mapya mepesi ya nchi hiyo yamelazimika kuwa nacho. Katika Umoja wa Ulaya magari mapya ya abiria yamelazimika vivyo hivyo tangu Novemba 2014. Baadhi ya magari ya namna hiyo, yakisha kutumika huko, huuzwa Afrika Mashariki, na chama chaweza kuwa nalo bila viongozi wake kufahamu.

Aina mbili

Aina ya kwanza haina kitu ndani ya tairi. Kompyuta ya gari hulinganisha mizunguko ya magurudumu, kwani tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kuliko wenzake. Aina ya pili ina sensa katika kila gurudumu, iliyoshikamanishwa na valvu. Sensa hiyo hupima upepo na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Hii ya pili ndiyo hupotea rimu zinapobadilishwa.

Mfano wa kufikiriwa

Pikapu ya chama imepindika rimu kwa mashimo ya barabara. Meneja ananunua rimu nne za aloi kwa bei nafuu. Fundi anahamisha matairi, lakini sensa zinabaki katika rimu za zamani, nazo zinauzwa kama chuma chakavu. Taa ya onyo inawaka, na dereva anaambiwa asiijali. Miezi miwili baadaye msumari unatoboa tairi la nyuma na upepo unavuja polepole. Tairi linakunjika kupita kiasi kila linapozunguka, linapata joto, na mwishowe linapasuka gari likiwa na watu. Taa ilikuwa ikiwaka tangu zamani; haikuwa na neno jipya la kumwambia dereva.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kununua rimu, fundi aipime nafasi ya sensa. Tundu la valvu lilingane na valvu yenyewe. Sensa ikae karibu na rimu bila kulazimishwa, wala isitokeze mahali ambapo ukingo wa tairi hupita, la sivyo itavunjika tairi linapovalishwa.

2. Umri wa sensa ujulikane. Betri yake hudumu kwa kawaida miaka 5 hadi 10, nayo katika sensa nyingi haibadilishwi. Sensa iliyokaribia mwisho wake ni afadhali ibadilishwe tairi likiwa tayari limetolewa, ili gharama ya ufundi isilipwe mara mbili.

3. Sensa mpya ilingane na gari. Magari mengi ya soko la Marekani hutumia mawimbi ya megahezi 315, na mengi ya Ulaya megahezi 433.92. Sensa ya mawimbi tofauti haitasikiwa na gari, hata ikifungwa vizuri namna gani.

4. Sensa ya zamani ikihamishwa, mpira wa kuzuia upepo, wosha, nati na kiini cha valvu vibadilishwe. Nati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, maana valvu ya alumini hukatika upesi. Kifuniko kiwe cha plastiki. Cha chuma huweza kuganda kwa kutu.

5. Tairi litolewe na kuvalishwa kwa uangalifu, chuma cha mashine kikiwa mbali na valvu. Baadaye gurudumu libalansiwe, kwa kuwa sensa nayo ina uzito.

6. Kila sensa ina namba yake, na kompyuta ya gari sharti iijue. Magari mengine hujifunza namba hizo yakiendeshwa. Mengine huhitaji chombo maalumu cha fundi.

7. Tyubu isitiwe ndani ya tairi hilo. Tyubu huja na valvu yake, na sensa hulazimika kuondolewa.

Kusoma taa

Katika magari mengi, taa inayowaka bila kumeta huonya kwamba upepo umepungua. Taa inayometameta kwa muda wa dakika moja hivi gari linapowashwa, kisha ikabaki kuwaka, huonya kwamba chombo chenyewe kina kasoro au sensa haipo.

Hata hivyo, sensa haichukui nafasi ya geji. Sheria ya Marekani hutaka onyo litolewe upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kipimo cha mtengenezaji. Ikiwa kipimo hicho ni ratili 32 kwa inchi ya mraba, taa huenda isiwake mpaka upepo ufike ratili 24. Tairi lenye ratili 26 linaumia, na taa imenyamaza. Kwa hiyo dereva apime upepo mara kwa mara, asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi, na aandike kipimo katika daftari la gari. Taa humlinda dereva aliye macho. Dereva aliyezoea kuipuuza hana mlinzi.

Maswali ya kujadiliwa na kikundi

1. Gari la chama chenu lina sensa za aina gani, na nani anajua umri wake?
2. Rimu za zamani zikiuzwa, ni nani athibitishe kwamba sensa zimetolewa na kuandikwa katika daftari la mali?
3. Kipimo cha gari ni ratili 36. Taa itawaka upepo ukifika ratili ngapi?