Chakula Bora Nyeri: Anza na Somo la Moto

Anayepanga chumba Nyeri, Karatina au Nanyuki kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba kula vizuri kunataka pesa nyingi. Azunguke Soko la Karatina ajionee. Mahindi, maharagwe, viazi vya Kieni, kabichi, karoti, terere, majani ya malenge na parachichi vyote hutoka mashamba ya karibu, na huuzwa kwa mafungu ambayo hata kibarua hayamshindi. Kilicho ghali ni moto. Maharagwe makavu yakiwekwa jikoni bila mpango hula gesi ya mtungi wa kilo 6 upesi sana, na hapo ndipo kijana huacha kupika akarudi kwenye mkate na chai, au chipsi za kibandani.

Shida hii ina historia hapa. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alieleza jinsi wanawake wa vijijini miaka ya 1970 walivyolia kwamba kuni zimeadimika baada ya ardhi kugeuzwa mashamba ya chai na kahawa. Walipokosa kuni waliacha vyakula vya kuchemsha muda mrefu, wakapika vinavyoiva haraka, vingi vikiwa vimekobolewa, na watoto wakadhoofika. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizomfanya aanze kupanda miti mwaka 1977 kupitia Green Belt Movement. Kwa hivyo mimi humshauri anayejifunza kupika aelewe moto kwanza, viungo baadaye.

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa, ndiyo maana maharagwe huchukua muda mrefu kuiva. Tena, maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyazidishii joto; kunamaliza gesi tu. Punguza moto, funika sufuria. Ukiwa na akiba ya kununua chombo kimoja cha maana, nunua sufuria ya presha, kwa sababu ndani yake joto hupita nyuzi 100 hata ukiwa mlimani.

Usipokuwa nayo, githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, bado inawezekana. Jioni pima vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharagwe. Usiyapunje maharagwe kama wafanyavyo wengi wa vibandani: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huufidia, na ya maharagwe vilevile hufidiwa na mahindi. Chagua vizuri. Punje yenye ukungu itupe, wala usijaribu kuiosha, kwa maana sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 Ukambani, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Loweka mahindi na maharagwe katika vyombo tofauti, maji yawe mara tatu ya nafaka, yalale humo usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Tanguliza mahindi jikoni, na baada ya saa moja hivi tia maharagwe. Yaache yachemke kwa nguvu nusu saa nzima. Hapa usifanye haraka: maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko wa nguvu peke yake, na moto wa vuguvugu hautoshi kuiondoa.

Baada ya nusu saa hiyo zima gesi. Chukua kikapu kikubwa au katoni, tandika blanketi kuukuu, weka sufuria ikiwa imefunikwa, kisha shindilia nguo pande zote na juu hadi pasibaki upenyo. Sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko iliyo nusu. Iache humo saa nne bila kuchungulia. Ukiitoa, rudisha jikoni ichemke tena mpaka punje zilainike. Umepata saa nne za kuivisha bila kulipia hata shilingi moja ya gesi.

Nyanya zitie mwishoni, kwa kuwa asidi yake huyachelewesha maharagwe kulainika. Chumvi pia ngoja nayo, utaonja na kutia kidogo. Magadi yaache. Ni kweli hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1 na huongeza sodiamu, jambo baya kwa nyumba yenye mgonjwa wa shinikizo la damu. Na githeri ikikataa kuiva licha ya yote haya, mara nyingi ni maharagwe ya kale yaliyokaa ghalani. Muulize mwenye duka kama ni ya msimu huu.

Bila friji pika ya siku mbili, si ya wiki, na uichemshe upya asubuhi na jioni. Kaanga ile utakayokula leo tu, kwa sababu ikishatiwa kitunguu, nyanya na kabichi huchacha haraka. Siku ya kwanza ikaange na karoti na hoho. Siku ya pili chemsha viazi na majani ya malenge, uchanganye na githeri iliyobaki, uponde: umepata mukimo. Ukichoka na mahindi, chemsha maharagwe peke yake na ule na wali wa pishori ya Mwea. Mchele uliovunjika huuzwa bei nafuu, na ladha ni ileile.

Terere na managu zioshe kabla ya kukata, kisha zikae jikoni dakika chache tu. Thabai, ile mboga inayowasha mkono, ishike kwa glavu. Ikishachemka haiwashi tena. Kipande cha parachichi kando ya sahani husaidia mwili kufyonza vitamini A ya mboga hizo.

Limebaki la chai, na najua si rahisi kulisema Nyeri. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga, ilhali chungwa au limau husaidia. Kula githeri yako na kipande cha chungwa, na chai isubiri saa moja. Wasichana na akina mama wajawazito, nawasihi mlizingatie hili kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.